Nilivyomzika Bakili kwa Simu

Kabla sijaanza, naomba mtu asiniambie mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimeshaambiwa. Nimeambiwa na muuza kahawa, nimeambiwa na mwenye duka ninayekaa barazani kwake, nimeambiwa hata na mke wangu Benedikta, ambaye siku ile nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Methali zinawahi sana mambo yakishaharibika. Siku ya kukosea huioni hata moja.

Mimi naitwa Kasmir, Mngoni wa Songea, na kazi yangu ni kufunga mizigo Kariakoo. Mteja wa mkoani akishanunua vitenge vyake na mabeseni yake ananiletea pale barazani, napanga kwenye viroba, nashona kwa shazia na kamba ya nailoni, naandika jina lake na mji anaokwenda. Nikimaliza kushona, mzigo ni wa Bakili. Yeye ndiye mwenye mkokoteni. Ataupakia, ataufunga, ataupeleka kwenye mabasi, na njia nzima atakuwa anapiga kelele watu wampishe. Tumefanya kazi hivyo miaka kumi na mmoja.

Bakili ni Mngindo wa Liwale, mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Zamani babu zangu waliwapiga sana babu zake, na vita vilipoisha ukabaki utani. Asiyeujua utani wa Wangoni na Wangindo anaweza kudhani tunachukiana. Kwa mtani hakuna tusi. Nilikuwa naweza kumvua kofia nikaenda nayo nyumbani, na yeye alikuwa akinikuta nakula anavuta sahani, anakula, ananirudishia mifupa. Na kubwa kuliko yote ni kufa. Mtani anakuzika ukiwa hai. Anagawa nguo zako mbele yako, anamwambia mkeo aanze kuangalia wanaume wengine mapema, na wewe unatakiwa ucheke. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa.

Sasa huyu Bakili alikuwa anavuta sigara. Wanaovuta ni wengi, lakini yeye alikuwa anavuta kama analipwa. Alinunua moja moja kwa wale wanaopita na trei za pipi na karanga, moja kabla ya kupakia, moja baada ya kushusha, na mchana alipokosa muda wa kula alivuta mbili. "Moshi unakata njaa," alikuwa ananiambia. Nilimjibu kwamba Wangindo walizoea moshi tangu walipokuwa wanarina asali porini wakitukimbia sisi. Nilikuwa nasema hivyo na namwashia.

Mguu ulianza kumuuma kwenye kigimbi. Akisukuma mkokoteni hatua mia anasimama, anajishika, anasubiri, anaendelea. Halafu kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikawa baridi, kikawa cha zambarau, kikaota kidonda kisichopona. Mkewe, Mwanne, akamburuta hospitali. Nilikwenda nao kwa sababu tulimpakia juu ya mkokoteni wake na mtu lazima ausukume, na pia kwa sababu niliogopa.

Daktari hakuzunguka. Alimwambia mishipa ya damu ya miguuni inaziba, na kinachoiziba ni tumbaku. "Una miaka thelathini na tisa," alisema. "Ukiacha kabisa, mguu unabaki. Ukivuta, hata moja kwa siku, tutaukata. Na tukishaukata huo, wa pili nao utafuata." Bakili akauliza kama akipunguza. Daktari akasema hapana, hakuna kupunguza.

Nilimwangalia Bakili. Mtu wa mkokoteni bila mguu ni nini? Ana watoto wanne, ana chumba kimoja Buguruni, hana shamba, hana cheti, ana miguu. Alikaa pale kwenye kiti cha plastiki akikunja na kukunjua kofia yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja sikuwa na utani wa kumwambia.

Pale pale hospitali wakatuelekeza kwenye kliniki moja ya Upanga, ambako kulikuwa na mradi wa kuwasaidia watu wa kipato cha chini kuacha sigara kwa simu. Simu ndogo ya kitochi inatosha, walisema. Kila asubuhi unatumiwa ujumbe. Hamu ikikushika, unaandika HAMU unatuma, bila gharama, na mshauri anakupigia muda si mrefu anaongea na wewe mpaka ipite. Mshauri wa Bakili alikuwa nesi mmoja wa Kihaya, Jovitha, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Akasema pia kila mgonjwa lazima awe na msaidizi, mtu mwenye namba yake mwenyewe, atakayeulizwa kila Ijumaa kama mwenzake kavuta au hajavuta.

"Mkeo ana simu?" Jovitha alimuuliza.

"Simu yetu ni hii moja," Bakili akasema. Halafu akanigeukia. "Muandike huyu. Huyu ni mtani wangu. Yeye hawezi kunionea haya."

Jovitha akaandika namba yangu. Kama angejua alichokuwa anakiandika.

Wiki za kwanza Bakili aliteseka. Jasho lilimtoka amekaa. Alimfokea mteja, aligombana na mwenye guta, alilia siku moja nyuma ya marobota na akanitishia nikimwambia mtu ataniua. Lakini ile simu ilimshika. Asubuhi ujumbe ukiingia alikuwa anasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata herufi: "Bakili, leo ni siku yako ya tisa. Damu yako inaanza kupita vizuri. Kunywa maji, tafuna karanga, usikae karibu na wanaovuta." Mwenye trei akipita, Bakili alikuwa anatoa kitochi, anaandika HAMU, na kabla hajahesabu mizigo kinaita. Alikaa juu ya mkokoteni, simu sikioni, mtu mzima mwenye ndevu, akijibu, "Ndiyo sista. Hapana sista. Nimekunywa maji sista." Mimi niliwaambia watu wote kwamba Mngindo kapata mchumba Upanga.

Na mguu ulipata nafuu, Mungu ni shahidi. Kidonda kilikauka kingo. Akawa anafika hatua mia mbili, mia tatu. Ijumaa nne nilijibu ujumbe wao vizuri, hajavuta, hajavuta, hajavuta, hajavuta.

Ijumaa ya tano tulikuwa tunakunywa kahawa, watu sita au saba. Bakili alikuwa na furaha, na akiwa na furaha ananichokoza. Alikuwa anawasimulia watu kwamba babu zangu walikwenda kuiba wanawake wa Kingindo, wakalogwa, wakasahau njia ya nyumbani, na ndiyo maana mpaka leo Mngoni akinywa ulanzi analala popote. Watu walikuwa wanacheka. Nilikuwa natafuta pa kumjibia. Hapo ujumbe ukaingia: "Habari Kasmir. Je, Bakili amevuta sigara wiki hii? Tujibu tafadhali."

Nikaandika huku nasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Bakili amefariki jana. Tumeshamzika. Kanzu yake nimechukua mimi, mkokoteni tumempa mjane."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Bakili mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. "Tuma," akasema. "Tuma kama wewe mwanaume." Nikatuma.

Mchana likaja jibu: "Poleni sana kwa msiba. Mungu awape nguvu familia." Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Sikushtuka. Nilicheka upya. Nilidhani yule nesi kaelewa na yeye anatania. Nilimwonyesha mwenye duka, nikamwonyesha mama muuza maandazi, nikasema hawa watu wa Upanga kumbe wana utani mzuri. Bakili alikuwa amekwenda na mzigo, sikumwonyesha. Nilipanga kumwonyesha kesho, na kesho nikasahau.

Ilikuwa Desemba. Anayeijua Kariakoo ya Desemba anajua. Watu wa mikoani wanashuka kama siafu, nilikuwa nashona mpaka vidole vinavimba, chakula nakula nimesimama. Ijumaa iliyofuata sikuulizwa kitu. Nikasema afadhali, wametuachia tufanye kazi. Ijumaa nyingine pia. Nikimwuliza Bakili, "Wanakutumia?" alikuwa anajibu, "Kila siku," na kuinamia kamba zake. Nilimwamini. Nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka anaamini chochote kinachomruhusu aendelee na kazi.

Januari katikati Bakili hakuja kazini. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mwanne akaja barazani kwangu amejifunga khanga moja kichwani na moja kiunoni, hakunisalimu. Aliweka kitochi juu ya kiroba nilichokuwa nashona.

"Shemeji, soma," akasema. "Mimi nimesoma, labda sijui kusoma. Soma wewe."

Nikafungua zilizotumwa. HAMU. HAMU. HAMU. Nikashusha chini. HAMU, tarehe fulani, saa tatu asubuhi. HAMU, siku ile ile, saa tatu na robo. HAMU, saa tatu na nusu. Zilikuwa nyingi, nilihesabu mpaka arobaini na kitu nikaacha. Nikafungua zilizoingia. Ya mwisho kutoka kwao ilikuwa ya asubuhi ya Ijumaa ile ya kahawa. Baada ya hapo hakuna. Hakuna hata moja.

"Jumamosi ile hakupata ujumbe," Mwanne akasema. "Akawaandikia, hawakumpigia. Alikaa na mzigo wa mtu njiani akingojea simu mpaka mwenye mzigo akamtukana. Akanunua moja. Aliniambia jana tu, mguu ulipoanza kunuka. Anasema wamemtupa, anasema labda waliona yeye si wa kupona."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akwambie nini? Aliona aibu. Mtu kama sisi akiachwa haulizi kaachwa kwa nini, shemeji. Anajua tu kaachwa."

Niliacha shazia imechomeka kwenye kiroba, nikaondoka kwa miguu mpaka Upanga. Nilikuwa natembea najiambia siyo, siyo, haiwezi kuwa ile.

Jovitha alinikumbuka sura. Nikamwambia Bakili hapati ujumbe. Akanitazama kwa huruma ya ajabu, akanipa kiti, akasema, "Kaka, pole. Bado hujapokea?"

"Kupokea nini?"

"Kwamba ameondoka." Akageuza kompyuta nione. Mbele ya jina la Bakili paliandikwa marehemu, na tarehe. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuarifu. Siku ile nilifunga mlango nikalia. Alikuwa anakwenda vizuri kuliko wote."

Nilimwambia kwamba Bakili yuko hai, yuko Buguruni, amelala. Nilimwambia ulikuwa utani. Nilieleza Wangoni na Wangindo, vita, kofia, kuzikana, nilieleza kila kitu pale na jasho linanitoka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mpumbavu. Yule mama alishika mdomo.

"Na sisi tuna watani," akasema mwishoni. "Ningekuwa nimeusoma mimi kwanza, labda ningekupigia nikakuuliza. Lakini mashine ilishakujibu na kumfungia namba kabla sijauona. Alipokuwa anatuandikia hamu, hazikuwa zinafika kwa mtu yeyote." Halafu akasimama. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kesho."

Tulimpeleka kwa bajaji. Sitaki kueleza mguu ule ulivyokuwa. Daktari yule yule alifunua kitambaa, akafunika. Hakugomba. Laiti angegomba. Aliandika tu, na keshokutwa yake walimkata chini kidogo ya goti.

Siku nne nilikwenda kumwona na siku nne nilishindwa kusema. Namletea uji, namletea machungwa, naulizia maumivu, naondoka. Benedikta aliniambia usiku mmoja mwache apone kwanza, utamwua kwa maneno. Lakini Bakili alikuwa anawasimulia wagonjwa wenzake kwamba watu wa simu walimchoka, kwamba kosa ni lake, kwamba alikuwa mdhaifu. Alikuwa anajilaumu kwa kosa langu. Siku ya tano sikuweza kuvumilia. Nikavuta kiti, nikamwambia yote, kuanzia kahawa mpaka kompyuta.

Mwanne aliyekuwa anaosha vyombo akaacha maji yanatiririka.

"Uliandika kanzu umechukua wewe?" Bakili akauliza.

"Ndiyo."

"Na mkokoteni kwa mjane."

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka vibaya, anashika paja, machozi yanamtoka, kitanda kinatikisika. Mimi nilitaka anipige. Nilitaka anitukane tusi la kweli, lisilo la utani, niumie kidogo. Lakini mtani hana ruhusa ya kumkasirikia mtani, na Bakili aliishika sheria hiyo hata akiwa amelala pale na shuka imelala bapa mahali ambapo mguu ungekuwepo.

Alipotulia akajifuta uso. "Umepitiliza, Mngoni," akasema. "Nataka faini yangu."

Hiyo nayo ni desturi. Mtani akipitiliza mpaka, aliyeumia anataja faini, na faini ya utani haina mjadala. Watu wametoa mbuzi, wametoa baiskeli, kuna mjomba wangu alitoa koti alilokuwa amevaa. Nilimwambia ataje. Nilikuwa tayari kwa lolote, ningempa mashine yangu ya kupimia mizigo, ningempa chumba changu, ningemfanyia kazi mpaka nife.

"Sigara moja," Bakili akasema.

Nilidhani anatania. Nikamwangalia usoni, hakuwa anatania. Midomo ilikuwa imemkauka, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinasugua shuka.

"Moja tu," akasema. "Siku tano sijavuta, mtani. Usiku sina usingizi, mguu usiokuwepo unaniuma vidole. Nenda pale nje nunua moja, nisukume kwenye kile kigari cha wagonjwa mpaka uani, nivute, tumalizane. Sitakudai tena maisha."

Nilimwambia, "Taja kingine."

"Faini haibadilishwi."

"Daktari amesema huo wa pili nao..."

"Najua alichosema daktari. Aliniambia mimi, mguu ni wangu." Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Ulinizika bila kuniuliza, nikacheka. Sasa nakuomba kitu kimoja na wewe unaniletea daktari. Utalipa, hulipi?"

Mwanne alikuwa ameganda na sufuria mkononi. Niliona mguu wa kulia wa Bakili umetokeza nje ya shuka, na kidole kidogo cha mguu ule, sijui ni taa au ni macho yangu, nilikiona kama kimeanza kuwa cheusi. Niliogopa kuliko siku zote.

"Silipi," nikasema.

Hajawahi kutokea mtu kukataa faini ya utani, si kwetu, si kwao. Bakili akageukia ukutani. "Basi hatuna utani," akasema. "Nenda nyumbani, Kasmir."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Jovitha alimwandikisha upya. Msaidizi safari hii ni Mwanne mwenyewe, kwa simu ndogo niliyomnunulia. Kila jioni nampigia, namuuliza swali moja tu, na mpaka leo ananijibu hajavuta, ingawa siku nyingine anachelewa kunijibu. Mkokoteni wameuuza. Bakili anakaa mlangoni kwake anauza vocha na maji ya kandoro, yale ya vifuko.

Wiki iliyopita sikuvumilia, nikaenda. Nikasimama mbele ya meza yake na kumtukana kama zamani. Nilimwita Mngindo wa porini, mla nyuki, nikamwambia kwao wanazaliwa na mkia. Majirani walianza kucheka. Nikasubiri anirudishie, hata neno moja, anitajie babu yangu tu, ningepiga magoti.

Bakili aliinuka kidogo kwenye kiti, akanipa mkono kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza habari za kazi. Halafu akamwita Mwanne amletee mgeni kiti.